Shilingi 30,000 kwa mwezi mjini Pune

Dada yangu anaishi Umoja, Nairobi, na kila tarehe tano humtumia bintiye shilingi 30,000 huko Pune, India, anakosomea shahada ya biashara. Karo hulipwa kando. Hizi ni za chumba, chakula, nauli na sabuni. Kwa muda mrefu alishuku kuwa msichana anaponda raha, maana pale mtaani kuna familia nzima zinazoishi kwa kiasi hicho. Basi mwezi wa Agosti 2024 nilipopata safari ya Mumbai, nilipewa kazi ya ziada: nifike Pune nikajionee.

Kutoka Mumbai ni kilomita 150 hivi, na barabara hupanda milima. Huo ulikuwa msimu wao wa mvua, unaoanza Juni hadi Septemba, na kila upande ulikuwa kijani na maji yakiporomoka mawe kwa mawe. Ungedhani uko Limuru, ila pikipiki ni nyingi kuliko watu. Pune ni mji wa wanafunzi. Chuo kikuu chake kilianzishwa 1949, na Wakenya wamesoma huko miaka mingi. Pengine bosi wako ni mmoja wao.

"Anko, umekuja kunipeleleza?" mpwa wangu aliniuliza nikivua viatu mlangoni.

"Nimetumwa," nikakiri.

Akanitolea daftari lake la matumizi.

Wakati huo rupia moja ilikuwa kama shilingi moja na nusu. Ukiangalia bei moja moja, utatamani kuhama. Mtungi wa gesi wa kilo 14.2 ulikuwa takriban rupia 800, yaani kama shilingi 1,250, ilhali hapa nyumbani ule wa kilo 13 ulikaribia 3,000. Kwa rupia 299 alipata intaneti ya gigabaiti 1.5 kila siku kwa siku 28. Nauli ya chini ya basi ilikuwa rupia 5 (ilipandishwa hadi 10 mnamo Juni 2025). Vada pav, mkate wenye kiazi cha kukaanga na pilipili ndani, tulinunua kwa rupia 20 na nikasahau chakula cha mchana.

Ugali ndio taabu. Unga wao wa mahindi ni wa manjano na haushiki kama wetu, hivyo wanafunzi Waafrika husonga sooji, ile semolina ya ngano. Nilipewa na mchicha. Unateleza kidogo, lakini unashibisha.

Kilichomnyonya mpwa wangu hakikuwa chakula. Alipofika 2022, yeye na mwenzake walipata nyumba ya rupia 14,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 11. Mwenye nyumba alitaka amana ya miezi miwili, na dalali naye kodi ya mwezi mzima. Ukiongeza kodi yenyewe, kila msichana alitoa rupia 28,000, zaidi ya shilingi 40,000, kabla hajanunua hata sufuria. Wala hakuweza kuahirisha, kwani mgeni wa masomo marefu hujiandikisha kwa idara ya wageni katika siku 14, na huulizwa anakoishi. Kutafuta kibarua nako hairuhusiwi kwa viza ya mwanafunzi.

Nikafungua kurasa za Januari 2024. Palikuwa na mistari mitupu upande wa chakula cha jioni, wiki baada ya wiki.

"Hapa ulikuwa unakula wapi?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Nilidhani Mama ameishiwa. Pesa zilikuwa zinakuja kidogo. Nikaona haya kuuliza."

Mama yake hakuwa amepunguza hata senti. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124. Januari 2024 ilifika 160, na rupia haikutikisika sana. Zile 30,000 zilizokuwa karibu rupia 20,000 zikawa chini ya 16,000. Matumizi yake ya lazima, chumba kikiwemo, yalikuwa rupia 16,500. Kodi haipunguziki, kwa hiyo tumbo ndilo lililopunguzwa. Shilingi ilipopata nguvu katikati ya 2024 na dola kurudi kama 130, pesa zikapita tena rupia 19,000, na yeye akadhani mama amefanikiwa kibiashara!

Nilimpigia dada yangu jioni hiyo, binti akiwa kando yangu. Nilimsomea tarakimu zote mbili, ya Januari na ya Agosti. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Mpe simu."

Siku hizi hutuma kwa hesabu ya rupia: 20,000, ziwe zimemgharimu shilingi ngapi. Mwezi dola ikipanda, anaacha chama.