Madaftari Mawili ya Shangazi

Shangazi yangu anauza vitenge Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili husikika tangu alfajiri hadi usiku. Mwaka jana nilimtengenezea tovuti ndogo kwa Django, ili wateja wajue vitenge vilivyobaki kabla ya kupanda basi. Nilijiona fundi.

Siku moja alifika mama mmoja kutoka Rumonge. Tovuti ilimwonyesha kuwa vimebaki vipande 6 vya kitenge alichokitaka kwa sare ya harusi. Dukani hakikuwepo hata kimoja. Vilikuwa vimeuzwa siku mbili kabla. Kwa shida hii ya mafuta ya gari, nauli yake haikuwa mchezo. Shangazi alimrudishia, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mimi sijawahi kumdanganya mteja. Leo umemdanganya kwa jina langu."

Usiku ule sikulala. Mauzo yalikuwa yameandikwa sawasawa katika hifadhidata. Kosa lilikuwa kwenye kashe, yaani nakala ya muda ambayo tovuti huiweka karibu ili isiulize hifadhidata kila mara. Nilikuwa na programu ya pili inayofanya kazi chinichini: ilipokea mauzo ya dukani, ikapunguza hesabu, kisha ikafuta kashe. Kumbe kashe ya kawaida ya Django hukaa ndani ya kumbukumbu ya kila programu peke yake. Programu ya chinichini ilifuta ya kwake; ya tovuti ilibaki vilevile. Nami, kwa kupenda kasi, nilikuwa nimeondoa ukomo wa kawaida wa sekunde 300, ambao ungeifanya kashe iishe yenyewe.

Asubuhi nilimweleza shangazi: ni kama madaftari mawili, moja mezani, moja stoo. Kijana wa stoo anasahihisha la kwake, la mezani halina habari.

"Basi tumieni daftari moja," akasema.

Ndivyo nilivyofanya. Sasa programu zote mbili zinatumia kashe moja ya Redis. Inafutwa baada ya mauzo kuthibitishwa katika hifadhidata, si kabla; ukifuta mapema, tovuti inaweza kusoma hesabu ya zamani na kuirudisha palepale. Ukomo wa muda nimeurejesha pia, endapo ufutaji utashindwa. Na vikibaki vipande viwili au kimoja, tovuti inamwambia mteja apige simu kwanza.

Yule mama wa Rumonge hajarudi.