Stopwochi haisomi mchezo

Ikifika mwezi wa nne mimi huwa sifai. Wenzangu wanabishana Simba na Yanga, mimi nina daftari limejaa majina ya vijana wa vyuo vya Marekani. Wananiuliza, "Wewe mwandishi, huo mchezo wa watu waliovaa helmeti kama madereva wa bodaboda unakuhusu nini?" Huwa nacheka tu. Leo nimeona nijibu, maana nyuma ya daftari lile kuna swali linalonisumbua: unampimaje binadamu mwenye miaka 21 ukajua atakuwa nani akifika 26?

Kwanza maelezo kidogo kwa wasioufuatilia. NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ina timu 32. Kila Aprili timu hizo hutumia siku tatu kuchagua wachezaji wapya, wengi wao wanaotoka vyuoni, kwa zamu, raundi saba. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayopewa zamu ya kwanza, isipokuwa kama imeiuza kwa mwenzake. Utaratibu huu unaitwa drafti. Hauna undugu na drafti yetu ya visoda pale kijiweni, ingawa nako watu hukuna vichwa sana kabla ya kusogeza kete. Raundi ya kwanza huanza Alhamisi jioni kwao. Huku kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Naam, nakesha.

Nafasi ninayoifuatilia kuliko zote ni ya lainibeka. Huyu ni mlinzi anayesimama hatua chache nyuma ya ukuta wa mbele wa timu yake. Kama wewe ni mtu wa soka, mfikirie kiungo mkabaji, halafu muongezee kilo thelathini na ruhusa ya kumbwaga mtu chini. Mbele yake kuna majitu ya kilo 130 na zaidi, nyuma yake kuna mabeki wenye mbio. Mpira ukianza, ana kama nusu sekunde ya kuamua. Wanakimbia nao au wanarusha? Wanaenda kulia au kushoto? Huyu anayenijia ndiye mwenye mpira au ni chambo? Akikosea hatua ya kwanza, hata awe na mbio za duma, ameshapitwa.

Sasa tazama wanavyopimwa. Miezi miwili hivi kabla ya drafti, vijana zaidi ya 300 huitwa kwenye kambi ya vipimo, kambi iliyohamia mji wa Indianapolis mwaka 1987. Wanapimwa urefu, uzito, urefu wa mikono na upana wa viganja. Wanakimbia yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu. Wanasukuma juu chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Wanaruka juu, wanaruka mbele, madaktari wa timu wanawabonyeza magoti na mabega. Kwa miaka mingi walifanyishwa pia mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, mpaka ligi ilipouacha mwaka 2022.

Ile nusu sekunde haimo kwenye orodha hiyo.

Tuchukue mifano. Mwaka 2009 kulikuwa na kijana anaitwa Aaron Curry, wa chuo cha Wake Forest. Alikuwa ametoka kushinda tuzo ya Butkus, ambayo hupewa lainibeka bora wa vyuo. Kambini alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.56, kasi kubwa kwa mtu wa uzito wake. Mkanda wa mechi ulimsifu, stopwochi ilimsifu, walimu wake walimsifu. Wachambuzi wengi walisema huyu ndiye chaguo salama kuliko wote mwaka ule. Seattle Seahawks wakamchukua wa nne. Oktoba 2011 walikuwa wameshampeleka Oakland, na kufikia 2013 safari yake ya uchezaji ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni mjadala ambao haujaisha hadi leo: ni yeye, ni makocha, au ni mfumo aliowekwa ndani yake? Mwaka 2023 Pittsburgh Steelers walimwajiri kuwafundisha malainibeka. Kwa hiyo ujuzi wa nafasi ile alikuwa nao kichwani. Hilo linaniambia kwamba hata neno "ameshindwa" ni jepesi mno.

Upande wa pili yupo Zach Thomas. Wasaka vipaji walimwona mfupi, sentimita 180 tu, tena hana mbio za kutisha. Mwaka 1996 alisubiri hadi raundi ya tano, chaguo la 154, ndipo Miami Dolphins wakamwita. Msimu huo huo akawa anaanza. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Wapo ambao hata kuitwa hawakuitwa. London Fletcher alitoka chuo kidogo sana, John Carroll, na drafti ya 1998 ilipita bila mtu kutaja jina lake. Alicheza misimu 16 na mechi 256 mfululizo bila kukosa hata moja. Kabla yake kulikuwa na Sam Mills, mwenye sentimita 175. Mwaka 1981 hakuchaguliwa, Cleveland Browns wakamjaribu wakamwacha, akajaribu Kanada akaachwa pia, akarudi kufundisha shule ya sekondari. Mlango wake ulifunguka mwaka 1983 kwenye ligi nyingine iliyoanza wakati huo, USFL. Kocha aliyemfahamu huko, Jim Mora, akamchukua alipohamia New Orleans Saints mwaka 1986. Mills alifariki mwaka 2005. Ukumbi wa Mashujaa ulimpokea mwaka 2022, miaka 17 baada ya kifo chake.

Hapo utasema, basi stopwochi itupwe baharini, tutumie macho. Taratibu, ndugu yangu. Macho nayo yana ujinga wake.

Mfikirie Shaquem Griffin. Alikatwa mkono wa kushoto akiwa na miaka minne. Akawa lainibeka wa chuo cha UCF, akacheza vizuri kweli, lakini mwanzoni hakuwemo kwenye orodha ya walioalikwa kambini mwaka 2018. Mwaliko ulikuja baadaye. Alipofika alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.38, kasi ambayo mabeki wengi wa pembeni wangeionea wivu. Kile chuma cha kilo 102 alikisukuma mara 20 kwa kutumia mkono wa bandia. Seattle wakamchagua raundi ya tano. Binadamu walipoona mkono usiokuwepo, saa iliona mbio. Namba haina huruma, lakini pia haina chuki. Kwa kijana ambaye watu wameshamhukumu kwa kumtazama tu, hiyo ni nafuu kubwa.

Halafu kuna Vontaze Burfict, ambaye huwa ananivuruga kabisa. Kambini mwaka 2012 alikimbia kwa sekunde 5.09, kasi mbovu kwa lainibeka. Maskauti wakasema pia hana nidhamu. Hakuchaguliwa na mtu. Cincinnati Bengals wakamchukua bure, na mwaka 2013 akaongoza ligi nzima kwa kuangusha wapinzani, mara 171. Kwa hiyo maskauti walikosea? Kuhusu mbio, ndiyo. Lakini adhabu zilimfuata miaka yote, na mwaka 2019, akiwa Oakland Raiders, alifungiwa msimu wote uliobaki kwa kumgonga mpinzani kwa helmeti. Mtu mmoja, ripoti moja, nusu yake uongo na nusu yake kweli. Wewe ungemwandikia nini?

Wengine huniuliza kama ipo njia ya kuruka vipimo vyote hivi. Ipo, na aliyeipita ni Mkenya. Mwaka 2013 Indianapolis Colts, timu ya mji ule ule wa kambi, walimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Wakamfanya lainibeka. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwili alikuwa nao, tena wa kutamanisha. Lakini kusoma mchezo ni lugha, na wenzake walianza kuizungumza wakiwa watoto. Alicheza mechi chache, na mwaka 2015 aliachwa. Mimi simhesabu kama hadithi ya kushindwa. Namhesabu kama ushahidi kwamba ile nusu sekunde hujengwa kwa miaka.

Nikitazama mikanda ya vijana hawa, natoa sauti ili mtangazaji asinifikirie. Simwangalii mwenye mpira. Namtazama lainibeka peke yake, miguu yake, na najiuliza: ameanza kusogea kabla au baada ya wengine? Amekwenda alikokwenda mpira, au alikokuwa amedanganywa? Narudia mara tatu. Luke Kuechly, aliyechaguliwa wa tisa na Carolina Panthers mwaka 2012, alikuwa akiwatajia wenzake mchezo ambao wapinzani wanataka kucheza kabla hawajauanza. Mwaka 2013 alikuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Januari 2020 aliacha mpira akiwa na miaka 28, baada ya mitikisiko ya ubongo ya mara kwa mara. Kichwa kilichomfanya awe bora ndicho alichopaswa kukiokoa.

Hapo ndipo utani wa daftari langu unapoisha. Wengi wa vijana wanaopita pale Indianapolis ni weusi. Desemba 2022 Troy Vincent, mmoja wa viongozi wa juu wa NFL na mchezaji wa zamani aliyepita drafti mwenyewe, alisema hadharani kwamba kambi ile ina mambo yanayokumbusha mnada wa watumwa na yanapaswa kuondolewa. Maneno mazito, na yametoka ndani ya nyumba. Ni kweli vijana hawa wanakwenda kwa hiari na wanatafuta mamilioni. Lakini kumsimamisha kijana na nguo fupi mbele ya wanunuzi wanaoandika upana wa viganja vyake, halafu kusema huo ndio ujuzi wa kumjua mtu... hapana.

Sisi waandishi nasi tumo. Ni rahisi sana kuandika "hana moyo," "hana akili ya mchezo," "laini." Maneno hayo hayana gharama kwetu, ila yanaweza kumshusha kijana raundi mbili, na raundi mbili ni nyumba ya mama yake. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja: kwenye daftari naandika nilichokiona kwenye mkanda, na dakika niliyokiona. Moyo wa mtu siuandiki, kwa sababu kwenye mkanda haumo.

Haya, niambieni sasa. Zamu ni yenu, saa inahesabu, na mezani yamebaki majina mawili. Mmoja anakimbia kama upepo, mwingine mfupi ila hufika kabla ya mpira. Mtamwita nani?