Taji la Florida A&M la mwaka 1978

Miongoni mwa vyuo vikuu vya kihistoria vya Weusi nchini Marekani, yaani vyuo vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa lengo kuu la kuwaelimisha watu Weusi, ni kimoja tu kilichowahi kutwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani katika Daraja la I-AA, ambalo ni tabaka la pili la daraja la juu la mchezo huo vyuoni. Chuo hicho ni Florida A&M, kilichojengwa juu ya kilima mjini Tallahassee, na msimu wenyewe ni ule wa 1978, ambao wahitimu wake hawajaacha kuusimulia.

Kabla ya hapo, taji la vyuo vya Weusi halikuwa likigombewa uwanjani katika fainali moja, bali lilitolewa kwa hukumu ya waandishi wa habari, hasa wa gazeti la Pittsburgh Courier, waliopima matokeo ya msimu mzima na kutangaza bingwa. Kwa utaratibu huo Jake Gaither, aliyeifundisha Florida A&M kuanzia 1945 hadi 1969 akashinda michezo 203, akapoteza 36 na kutoka sare 4, alijipatia mataji kadhaa, lakini hakupata nafasi ya kujipima na chuo cha Wazungu hadi mwishoni kabisa mwa kazi yake, pale timu yake ilipoifunga Tampa 34–28 mwezi Novemba 1969. Ubaguzi uliomnyima wapinzani ndio huohuo uliomletea wachezaji, kwa kuwa kijana Mweusi wa Florida, hata awe na kasi ya Bob Hayes, aliyeshinda mbio za mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, hakuwa na nafasi katika timu za vyuo vikubwa vya jimbo lake mwenyewe.

Miaka ya 1970 ilipoingia, vyuo hivyo vilikwisha kuanza kuwasajili vijana Weusi, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, kilichomo katika mji uleule wa Tallahassee, kikawa mshindani katika nyumba za wazazi walewale. Rudy Hubbard, aliyekabidhiwa timu mwaka 1974 baada ya kuwa msaidizi wa Woody Hayes huko Ohio State, alirithi jina kubwa na ghala lililokuwa likipungua. Hata hivyo, mwaka 1977 timu yake ilishinda michezo yote 11, na mwaka uliofuata, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipounda Daraja la I-AA, Florida A&M ikapanda na kuingia humo.

Mashindano ya mtoano ya mwaka huo wa kwanza yalikuwa na timu nne tu, na nusu fainali moja iliwakutanisha Weusi kwa Weusi, Florida A&M ikiifunga Jackson State 15–10. Fainali ilichezwa tarehe 16 Desemba 1978 huko Wichita Falls, Texas, dhidi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, na Florida A&M haikuhitaji ujanja mwingi: ilimkabidhi mkimbiaji mpira na kumwachia njia, hata Mike Solomon peke yake akasonga mbele zaidi ya yadi 200, kipimo ambacho kila yadi ni pungufu kidogo ya mita moja. Matokeo yalikuwa 35–28, na rekodi ya msimu ikasimama kwenye ushindi 12 na kipigo 1. Oktoba 1979 timu hiyo iliifunga Miami 16–13, jambo ambalo, kwa kuwa Miami ilikuwa ya daraja la juu zaidi, pengine linashuhudia uwezo wake kuliko taji lenyewe.

Ubingwa huo wa 1978 haukurudiwa, na sababu ya kwanza ni dhahiri: mlango uliowawezesha Weusi kushindania taji la wote ndio uliovipitisha vipaji vyao kwenda kwingineko. Ya pili hutajwa mara chache. Tangu 2015 mabingwa wa ligi mbili kubwa za vyuo vya Weusi hukutana Atlanta katika mchezo uitwao Celebration Bowl, na kwa kawaida bingwa anayekwenda huko haingii katika mtoano wa NCAA, kwa sababu mchezo huo unaonyeshwa katika televisheni ya taifa, huziletea ligi fedha, na huzikusanya bendi za matarumbeta ambazo kwa mashabiki wengi ni nusu ya mchezo wenyewe. Florida A&M ilipoifunga Howard 30–26 huko Atlanta mwezi Desemba 2023, ilitangazwa bingwa wa vyuo vya Weusi, huku mtoano wa NCAA ukiendelea bila yake.