Tulitembea Bukavu Kama Wageni

Siku ya posho, wamama sita wa kikundi chetu tulitembeza rafiki zetu waliotoka Uvira. Tulianzia La Botte, pale mji unapoingia ndani ya Ziwa Kivu. Wabelgiji nao waliupenda uzuri huu: mpaka miaka ya 1950 mji uliitwa Costermansville, jina la mkubwa wao.

Tulipofika Nyawera, rafiki mmoja aliuliza: “Ni hapa?” Ndiyo. Hapa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Tangu wakimbizi walipovuka Ruzizi mwaka 1994, aliwatetea wao pamoja na wenyeji. Vita ilipofika, hakukimbia.

Binti yangu alinishika mkono: “Mama, tunapita hapa kila siku. Mbona hukuniambia?” Nilikosa jibu. Siku ile nilikuwa mtoto, nimejificha chini ya kitanda. Tangu hapo nilinyamaza.

Tuliendelea mpaka Kanisa Kuu, alipozikwa. Pale nikamweleza yote.

Wamama, tusiwaonyeshe watoto ziwa na milima tu. Tuwaeleze pia yaliyotupata hapa.