Majina ya njiani: kutoka Bukavu mpaka Goma

Juma hili tunasafiri bila mzigo. Tunabeba masikio tu, ili tusikilize majina.

Tuanzie Bukavu, mji uliokaa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville, kwa kumheshimu ofisa wao mmoja. Jina hilo lilikaa kwenye karata na kwenye barua za serikali, lakini miaka ya 1950 lilifutwa, na mji ukabaki na jina lake la kienyeji. Wazee wa Kishi husema kwamba Bukavu inatokana na neno la Mashi lenye maana ya mahali pa ng'ombe. Ofisa amesahauliwa, ng'ombe wangali katika jina.

Ukipanda taksi pale mjini, watu hawataji namba za avenyu. Wanasema: Essence, Feu Rouge, La Botte. Yaani mafuta ya motokari, taa nyekundu, buti. Mgeni anaweza kudhani wanataja vitu vya dukani. Lakini mama anayetoka soko la Kadutu na beseni lake la sombe anajua vizuri atashukia wapi. Kitu kimoja kimebeba kartie nzima, na nyumba zake, na watu wake, na sifa yake. Na tunaposema, "Kadutu imeamka mapema leo," soko halina macho ya kuamka. Walioamka ni wamama wauzaji, saa kumi za usiku, na watoto mgongoni.

Tuvuke ziwa sasa. Mashua ikikaribia Goma, mlima unaonekana mbele na moshi wake. Ni Nyiragongo. Katika Kinyarwanda, majina mengi ya wanawake huanza na "Nyira", kwa hiyo mlima ule mkali kuliko yote una jina la kike. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ulimwaga moto mpaka katikati ya mji, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ukamwaga tena. Mwambie mtu wa Goma kwamba shemeji yako ni Nyiragongo, hataomba maelezo. Jina la mlima limekwisha kuwa tabia ya mtu.

Inchi yetu inajua sana kazi hiyo ya majina. Kule Congo ya Chini, kuanzia 1879, Stanley alipasua miamba ili kutengeneza barabara, na watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Yeye aliondoka, jina halikuondoka. Kila mzungu wa serikali akawa Bula Matari, kisha serikali yenyewe ikawa Bula Matari: kodi, askari, kiboko na kazi ya nguvu. Mababu zetu hawakuhitaji kitabu kizima ili kueleza utawala ule. Neno moja lilitosha.

Na wimbo pia unaweza kuzaa jina. Franco na TPOK Jazz walitoa "Mario" mwaka 1985. Tangu hapo, kijana mwenye nguvu anayekaa nyumbani akila jasho la mwanamke aliyemzidi umri ni "mario" tu. Wamama wengi wamelitumia jina hilo kuonya rafiki bila kumtukana mtu. Unauliza kwa kicheko, "Dada, huyo si mario?" na mwenye kusikia anasikia.

Basi jina la namna hii ni kama kisu cha jikoni. Linakata nyama, linakata pia mkono. Tazama neno "kadogo". Nyumbani ni neno la upole, ni yule mtoto mdogo tunayemchekea. Lakini katika vita ya 1996 na 1997, kadogo alikuwa mtoto mwenye bunduki ndefu kuliko yeye. Neno lile lile la mapajani mwa mama likapelekwa vitani.

Liko jina zito kuliko hilo. Katika vijiji vya Kivu, wamama waliobakwa wakati wa vita walizaa watoto, na majirani wengine wakawaita watoto hao "Interahamwe" au "mtoto wa nyoka". Mtoto hakuchagua baba, hakushika panga, hakuchoma nyumba ya mtu. Lakini kwa neno moja anabebeshwa jeshi zima kichwani. Akigombana na wenzake kwenye maji, jina hilo linatupwa. Akikosa kikombe cha chumvi, hilo hilo. Mama yake naye anapigwa mara ya pili, kwa sababu kila wakiita mtoto, wanamkumbusha siku ile.

Sheria haikunyamaza. Code de la famille, yaani sheria ya jamaa ya mwaka 1987, inasema katika kifungu cha 58 kwamba jina haliwezi kuwa la kutukana, la kushusha mtu wala la uchokozi. Na mtoto anapaswa kuandikishwa kwenye ofisi ya etat civil ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Karatasi ile haifungi kinywa cha jirani. Lakini inampa mtoto jina la kujibu shuleni, jina ambalo mwalimu ataliita mbele ya wote.

Kwa hiyo, katika vikundi vyetu, mama akijifungua katika hali ya namna hiyo, tusimwachie njia ya ofisi peke yake. Wawili wamsindikize kabla siku 90 hazijapita. Na jina la matusi likitoka kinywani mwa mtoto wetu, tumrudishe hapo hapo amwite mwenzake kwa jina lake. Mtoto hujifunza jina la mwenzake kwa kusikia wakubwa wakiliita.

Sisi ndio tunaoita watoto jioni, waje kula. Mlango kwa mlango, majina yanapita juu ya mapaa: Furaha, Bahati, Masumbuko, Neema, na Safari aliyezaliwa njiani. Katika sauti hizo, kila mtoto wa kartie asikie lake.