Riksgränsen: likizo ya theluji kwenye stesheni ya mpakani

Riksgränsen ni kituo kidogo cha michezo ya theluji kaskazini kabisa mwa Sweden, kilomita zipatazo 200 juu ya Mzingo wa Aktiki, na mpaka wa Norway uko hapo hapo. Si mji. Kuna hoteli, nyumba za kupanga, duka, stesheni ya reli, na mlima ambao kilele chake kiko mita 909 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kati ya mwanzo wa Desemba na Januari jua halichomozi kabisa, likizo ya hapa haikuwahi kuwa ya Krismasi. Msimu huanza Februari, hunoga Aprili, na huendelea hadi mwisho wa Mei, wakati jua limeacha kuzama na watu huweza kuteleza mlimani saa sita za usiku bila taa.

Desemba 2023 treni ya madini ya chuma iliacha reli karibu na Vassijaure, jirani na Riksgränsen, ikaharibu kilomita nyingi za njia. Njia ilifungwa kwa takriban miezi miwili. Ilipofunguliwa Februari 2024 hazikupita siku nyingi treni nyingine ikaacha reli, njia ikafungwa tena. Wageni wa msimu ule walifika kwa basi na kwa magari yao, na kwa kijana aliyezaliwa baada ya barabara kujengwa, hilo lilikuwa badiliko la tiketi tu. Hajui kwamba kwa miaka zaidi ya 80 hapakuwa na njia nyingine ya kufika, na kwamba karibu kila kilichoipa likizo ya Riksgränsen sura yake kilitokana na treni.

Reli yenyewe haikujengwa kwa ajili ya wageni. Ilijengwa kwa ajili ya chuma cha machimbo ya Kiruna, upande wa Sweden. Bandari za Sweden katika Ghuba ya Bothnia huganda wakati wa baridi, ilhali Narvik, upande wa Norway, haigandi kwa sababu ya maji ya vuguvugu yanayoletwa na mkondo wa Atlantiki. Ikabidi madini yavushwe milima. Treni zilianza kupita mwaka 1902, na Mfalme Oscar II akazindua njia Julai 1903. Vitabu vingine hushika mwaka wa kwanza, vingine wa pili, na hakuna haja ya kugombania. Kilicho na uzito ni kazi yenyewe: wanaume waliochimba mahandaki katika giza la miezi, na wanawake waliowapikia kambini. Baadhi yao wamelala katika makaburi madogo ya Tornehamn, karibu na ziwa Torneträsk, na abiria wa leo hupita eneo hilo akiwa ameinamia simu.

Mwaka 1915 sehemu ya Kiruna hadi Riksgränsen ilianza kutumia umeme wa maporomoko ya Porjus, mapema kuliko reli nyingi za Ulaya. Moshi wa makaa ukaondoka, ikabaki theluji.

Na theluji ya huku si ya kubahatisha. Upepo wenye unyevu hutoka baharini Norway, hugonga milima, nao hushusha mzigo wake wote papo hapo. Rekodi ya Sweden ya kina cha theluji, sentimita 327, ilipimwa Februari 1926 huko Kopparåsen, kwenye njia hii hii ya reli. Kina hicho kinafunika mlango wa nyumba na kubakiza. Ndiyo maana sehemu za reli zilijengewa mapaa marefu ya kuikinga, treni ikawa inapita kama ndani ya ghala, giza kisha mwanga, giza kisha mwanga, hadi mpakani.

Safari kutoka Stockholm ilichukua usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana uliofuata. Familia ilipanda jioni na mifuko ya chakula, vibao vya kutelezea vimefungwa kamba na kusimamishwa kwenye korido, watoto wakigombania kitanda cha juu. Asubuhi misitu ilikuwa bado ile ile ya msonobari, saa baada ya saa. Baada ya Kiruna miti ikapungua kimo, ikabaki mibetula iliyopinda, kisha ziwa jeupe lisilo na mwisho upande wa kulia, na milima. Kwa muda huo wote watu wa behewa moja walikuwa wameshajuana: nani ni mwalimu, nani fundi, nani amekuja mara ya kwanza na hana glavu za kutosha. Walioshuka pamoja walikaa hoteli moja, wakala meza moja, na wakarudi pamoja siku saba baadaye. Hakuna aliyeweza kuondoka mapema kwa sababu ya mawingu. Tufani ikipiga siku mbili, watu walikaa ndani wakacheza karata, na hakuna aliyeihesabu kuwa siku iliyoharibika.

Wageni wa mwanzo walikuwa watu wenye nafasi na wapenda milima waliofuata nyayo za Chama cha Watalii cha Sweden, ambacho kilikuwa na kituo Abisko, kwenye njia hiyo hiyo ya reli, tangu 1902. Mambo mawili yaliwaleta wengine. Mwaka 1938 sheria iliwapa wafanyakazi wote likizo ya malipo ya siku 12 za kazi. Kisha Februari 1940, kwa kuwa vita vilifanya makaa ya kupashia majengo joto yawe adimu, shule zilifungwa kwa wiki moja ili kubana matumizi. Vita vikaisha, makaa yakapatikana, lakini wiki ile haikurudishwa shuleni. Imebaki hadi leo kuwa likizo ya michezo ya majira ya baridi, na watoto wengi wa Sweden hawafikirii kwamba asili yake ni uhaba. 

Aliyeingia hoteli ya milimani miaka ya baada ya vita aliipokea kwanza kwa pua. Vibao vilikuwa vya mti, na chini vilipakwa lami ya msonobari iliyopashwa moto hadi ikazama ndani ya nyuzi za ubao. Harufu yake ni ya moshi na utamu kwa pamoja, nayo haikutoka kwenye sweta hata ikifuliwa. Chumba cha chini kilikuwa na meza ya kupakia nta. Tangu 1946, nta za Swix zilipoingia sokoni, kulikuwa na rangi za kufuata: kijani kwa baridi kali, buluu kwa baridi ya kawaida, nyekundu theluji inapoanza kulainika. Ukiukosea uchaguzi, kibao kiliganda na theluji chini yake, au kilirudi nyuma kila ulipopanda. Kwa hiyo kila asubuhi kulikuwa na baraza pale mezani. Mzee alitoka nje, akashika theluji, akaifinya, akarudi na kutoa hukumu, wengine wakapinga, mwishowe kila mmoja akapaka aliyoamini, akaisugua kwa kipande cha gome la kuzibia chupa. Mtoto alijifunza kusoma hali ya hewa kwa vidole vyake. Chumba cha pili kilikuwa cha kukaushia nguo, na humo lami ilichanganyika na sufu iliyolowa, ngozi ya viatu na maganda ya machungwa.

Machungwa yalikuwa na siku yake. Aprili, jua likiwa kali, watu walichimba shimo kwenye theluji, wakatandika ngozi ya kulungu wa Aktiki, wakakaa mgongo ukiwa umekingwa upepo na uso umeelekezwa juani. Wakamenya machungwa, wakanywa kahawa ya chupa, wakaungua pua. Kuteleza kulikuwa nusu tu ya likizo. Nusu nyingine ilikuwa kukaa hivyo, baada ya miezi ya giza. Anayepima siku yake kwa idadi ya mara alizoshuka mlima hawezi kuelewa kwamba watu walilipa nauli ya safari ndefu ili wakae shimoni.

Jioni kulikuwa na picha. Mpiga picha Sven Hörnell, ambaye pia alikuwa rubani, aliishi Riksgränsen na kuipiga milima ile kutoka angani mwaka hadi mwaka. Aliwaonyesha wageni slaidi zake kwenye ukuta, gizani, moja baada ya nyingine. Mtu aliyeshinda siku nzima kwenye mteremko mmoja aliona sasa jinsi mteremko huo ulivyo mdogo kati ya mamia ya vilele. Wengi walijifunza zaidi jiografia ya nchi yao mbele ya ukuta ule kuliko darasani, na kadi zake za posta zilibandikwa jikoni mwa nyumba za mbali sana na theluji.

Mpaka wenyewe haukumsumbua mtu. Uliwekwa kwa mkataba wa 1751, na kiambatisho cha mkataba huo kiliwahakikishia Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, haki ya kuvuka na mifugo yao ya kulungu kulingana na majira. Watelezaji nao walivuka: baadhi ya miteremko inaingia Norway na kurudi Sweden bila kizuizi. Ni vyema mgeni akumbuke kwamba ardhi anayochezea ni malisho ya watu, na jike la kulungu lenye mimba Aprili halihitaji kufukuzwa na mtu anayetafuta theluji isiyoguswa.

Lifti zilikuja baada ya vita, na slalomu ikachukua nafasi ya matembezi marefu. Mwaka 1984 ikafunguliwa barabara ya Kiruna hadi Narvik. Haikuwa kosa kuijenga. Mgonjwa hufikishwa hospitali, na duka hupata maziwa kila siku. Lakini likizo ya wiki ilianza kukatwa vipande. Mtu wa Narvik au Kiruna huja asubuhi akarudi jioni. Anayetoka mbali huangalia utabiri, na ukiwa mbaya huahirisha. Meza ya pamoja ikapungua, kila nyumba ikawa na jiko lake. Inaudhi kusikia haya yakiitwa uhuru mtupu, bila kutaja kilichoondoka nayo.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya vijana na magazeti yao. Mwaka 1992 yalianza mashindano ya kushuka miteremko mikali isiyotengenezwa, kwenye uso wa mlima Nordalsfjäll. Mwaka 1996 Ingemar Backman aliruka na ubao wake wa theluji kutoka ukuta wa theluji uliojengwa hapo, mita zaidi ya 8 hewani, na picha ile ikazunguka dunia. Baadaye wakaja waongozaji, helikopta, mvinyo ghali na bei zake.

Lami imetoweka, kwa kuwa vibao vya plastiki havina kiu. Nta za florini zilizoifuata, za kasi lakini zenye sumu ya kudumu katika maji na udongo, nazo zimepigwa marufuku katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la kuteleza thelujini tangu msimu wa 2023/24. Treni ya usiku bado hutoka Stockholm kwenda Narvik na husimama Riksgränsen, njia inapokuwa wazi, na treni za madini hupita mchana na usiku kama zamani. Lifti hufunguliwa Februari na kufungwa Mei. Kuteleza hadi Juni kunategemea theluji iliyobaki mwaka huo.