Glasi ya Tatu

Mwaka jana, katika darasa la tafsiri, kila mmoja wetu alipewa kipande cha filamu ya zamani akiandikie maneno ya Kiswahili ya kupita chini ya skrini. Wenzangu walipata mapigano na mahaba. Mimi nilipata wazee wawili na weita. Kipande chenyewe hakifiki dakika mbili, na nilikaa nacho wiki tatu.

Filamu ni Casablanca, ya 1942. Watu wengi wanaikumbuka kwa Humphrey Bogart, Ingrid Bergman na ukungu wa uwanja wa ndege. Kipande changu kiko mbali na hayo yote. Mzee mmoja na mkewe, wakimbizi kutoka Ulaya, wamefanikiwa kupata ruhusa ya kwenda Marekani na kesho wanasafiri. Wanamwalika weita wao, Carl, akae anywe nao brandi kidogo ya kuagana. Carl ni mnene, ana miwani ya duara na mashavu yanayotikisika anapoongea. Alijua watamwalika. Amekuja na chupa ya brandi nzuri, na amekuja na glasi ya tatu.

Wazee wanamwambia kwa fahari kwamba siku hizi wanaongea Kiingereza tu, ili wakifika Marekani wasijione wageni. Mume anamgeukia mkewe na kumwuliza saa, lakini badala ya kusema ‘time’ anasema ‘watch’, saa ya mkononi. Mke anamjibu kwamba ni ‘ten watch’. Mume anashangaa kwamba ni nyingi hivyo, naye anashangaa kwa maneno yaliyopinda vilevile. Carl anawatazama, anatulia kidogo, kisha anawahakikishia kwamba Marekani mambo yao yatakuwa mazuri sana.

Darasa lilicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda kutafsiri, nikaandika: “Saa ngapi?” “Saa nne.” “Nyingi hivyo!”

Mzaha ulikufa hapo hapo. Kwa Kiswahili wale wazee hawakuwa wamekosea chochote. Saa ya mkononi ni saa, ya ukutani ni saa, na muda ukiulizwa unaulizwa kwa saa. Nilikuwa nimewasahihisha bila kukusudia.

Nikajaribu kuwavunjia Kiswahili. Mimi ni mtu wa Pwani, na sisi watu wa Pwani tuna hazina kubwa ya mizaha kuhusu Kiswahili cha wenzetu wa bara. Nikawapa wazee wale ngeli za mtu aliyeshuka stesheni ya Mombasa jana. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikakumbuka nitaisoma kazi hiyo mbele ya darasa la Nairobi, na nikaona aibu, kwa sababu niliijua aina hiyo ya kicheko. Niliwahi kukiona kikielekezwa kwa babangu.

Nikaacha kutafsiri kwa siku kadhaa, nikaanza kumfuatilia yule weita.

Jina lake kwenye filamu za Marekani ni S. Z. Sakall. Alizaliwa Budapest mwaka 1883, katika familia ya Kiyahudi, kwa jina jingine kabisa. Alipokuwa kijana akiandika vichekesho vya jukwaani alijiita Szőke Szakáll, yaani ‘ndevu za dhahabu’ kwa Kihungari, na zile herufi mbili za mbele ni mabaki ya jina hilo. Katika miaka ya 1920 alikuwa mchekeshaji mwenye jina Vienna na Berlin. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, alirudi Hungary. Miaka michache baadaye hata Hungary haikukalika tena, akavuka bahari na mkewe. Filamu yake ya kwanza Marekani, It's a Date, ilitoka mwaka 1940. Alikuwa na umri wa miaka 57, umri ambao watu wengi wanahesabu miaka ya kustaafu, na chombo chake cha kazi, yaani ulimi, kilikuwa hakifanyi kazi huko.

Akaugeuza ubovu wa chombo kuwa ndiyo kazi. Katika filamu baada ya filamu alikuwa mjomba, mpishi, mwenye duka, profesa, mwenye mkahawa: mtu wa makamo anayebabaika, anayekiuma Kiingereza huku akijishika mashavu kwa viganja viwili na kuyatikisa. Katika Christmas in Connecticut ya 1945 yeye ndiye mpishi anayemwokoa mwandishi wa mapishi asiyejua kupika. Hakuwa nyota. Alikuwa yule mtu anayeletwa hadithi ikianza kuwa nzito, watazamaji wapumue. Mkubwa wa studio, Jack Warner, akambandika jina Cuddles, jina ambalo ungempa mtoto au mdoli wa kukumbatia, na likawekwa kwenye orodha za waigizaji pamoja na jina lake. Yeye hakulipenda.

Hata Casablanca alikuwa ameikataa kwanza, maana nafasi ilikuwa ndogo. Alitaka ahadi ya wiki nne za kazi, wakakubaliana tatu, kwa dola 1,750 kila wiki. Mtu mwenye mashavu ya kutikisika alijua kupatana bei. Na mwishowe anaonekana kwenye skrini kwa muda mrefu kuliko Peter Lorre na Sydney Greenstreet, ambao majina yao yalikuwa makubwa kuliko lake.

Nilipotafuta habari za wazee wangu wawili, hali ikawa ileile. Mume ni Ludwig Stössel, mkimbizi kutoka Austria. Mke ni Ilka Grüning, mzaliwa wa Vienna, ambaye kabla ya kukimbia alikuwa na shule mashuhuri ya uigizaji mjini Berlin. Mwanamke aliyefundisha watu namna ya kusema jukwaani ndiye anayechekwa kwa kushindwa kutaja saa. Yaani pale mezani wamekaa watu watatu walioishi kwa kuigiza kwa Kijerumani, wakinywa brandi ya uongo huko California katika kiangazi cha 1942, wakivunja Kiingereza kwa makusudi, kwa malipo.

Dada zake Sakall, wote watatu, waliuawa katika kambi za Wanazi. Mpwa wake pia. Kaka na dada wa mkewe pia. Nilipolisoma hilo, nilirudisha kipande changu mwanzo nikakitazama tena, nikizuia sauti.

Desemba nilienda nyumbani nacho.

Babangu alikuwa weita kwa miaka 26 katika hoteli ya ufuoni, kaskazini ya Mombasa. Beji yake ilikuwa na jina la Kizungu alilochaguliwa na meneja, kwa kuwa jina lake la Kigiriama lilikuwa likiwapa wageni taabu. Nilipokuwa na miaka 14 nilitumwa kumpelekea ufunguo, nikasimama karibu na mlango wa jikoni nikamwona akiwa kazini. Alikuwa ameinama mbele ya meza ya Wajerumani, akiwaeleza kwa Kiingereza kilichokatikakatika kwamba samaki wa leo ni wa leo kweli, hata mwenyewe hajapata habari ya kifo chake. Meza nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja akamshika mkono.

Lililonichoma ni kwamba mtu huyu ndiye aliyekuwa akisahihisha insha zangu za Kiingereza. Alinifundisha pa kuweka koma. Angeweza kuisema sentensi ile bila kuivunja hata mahali pamoja. Shuleni nikawa nawaambia wenzangu kwamba babangu ni msimamizi.

Basi jioni moja, umeme ukiwa umekatika na kompyuta imebaki na chaji kidogo, nikamwonyesha Casablanca, kile kipande changu tu. Nilimwambia nimeshindwa kukitafsiri. Alivaa miwani, akatazama mara mbili.

“Huyu amefanya kazi hii,” akasema.

“Ni mwigizaji, Baba.”

“Hapana, tazama glasi. Amekuja na tatu. Mgeni anayeondoka kesho humwuliza kama anataka kitu. Unajua anataka mtu wa kukaa naye.” Kisha akaonyesha kidole kwenye skrini. “Na hawa wazee hawakukosea. Wajerumani ni kama sisi. Saa ya mkononi wanaita ‘Uhr’, na saa nne ni ‘Uhr’ hiyo hiyo. Hawa wameongea Kijerumani kwa maneno ya Kiingereza. Na huyu weita anakijua Kijerumani, ameelewa kila kitu. Ndiyo maana hakuwasahihisha.”

Wiki tatu nilikuwa nikiusikia mzaha kutoka kwenye viti vya watazamaji. Babangu aliusikia akiwa mezani.

Nikamweleza kuhusu dada watatu. Alinyamaza. Nje jenereta ya jirani ilianza kuunguruma.

“Siku aliyokufa bibi yako,” akasema, “simu ilinifikia kazini saa nane mchana. Ilikuwa Desemba kama hivi, hoteli imejaa, hakuna wa kubadilishana naye zamu. Wakaniambia nimalize chakula cha usiku kwanza, asubuhi nitapewa ruhusa.”

Nilikuwa darasa la saba wakati huo. Nakumbuka mazishi, nakumbuka ngoma, nakumbuka babangu akifika alfajiri na suruali yake nyeusi ya kazi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini alikuwa na suruali ile.

“Ukafanya nini?”

“Nikahudumia.”

Nikasita. “Ukawaambia ile ya samaki?”

“Niliwaambia. Ilikuwa Ijumaa, samaki walikuwa wengi.”

“Wakacheka?”

“Walicheka sana,” akasema, na akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

Sitaki kumfanya babangu awe Sakall. Mauti ya bibi yangu yalikuwa ya uzee, nyumbani kwake, na alizikwa na watu wake. Kambi zile ni jambo jingine, halina mfano wa kuazima. Lakini tangu usiku ule siwezi tena kumtazama mtu wa kuchekesha pembeni ya filamu nikadhani yuko pale kwa ajili ya kunipumzisha mimi tu. Nimegundua pia kwamba Carl si mpole asiyejua kitu: baadaye katika filamu hiyo hiyo ndiye anayeenda na kiongozi Laszlo kwenye mkutano wa siri wa wapinga Wanazi, na wakakimbizwa na polisi. Mara ya kwanza nilipoitazama sikuliona hilo. Nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu la vichekesho.

Sakall alifariki Februari 1955, siku chache baada ya kutimiza miaka 72. Mwaka mmoja kabla, alitoa kitabu cha maisha yake. Jina la kitabu linaanza na lile jina la utani asilolipenda, kisha linasema haya ni maisha yake chini ya Mfalme Franz Joseph, Adolf Hitler na ndugu wa Warner. Aliwapanga wenye studio kwenye foleni moja na watawala waliomtangulia, akawaachia wasomaji wacheke.

Tafsiri yangu niliirudisha vile ilivyokuwa mwanzo. “Saa ngapi?” “Saa nne.” “Nyingi hivyo!” Niliamua kwamba uso wa Carl utafanya kazi iliyobaki, na kwamba wazee wale wana haki ya kuongea sawasawa angalau katika lugha moja. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mzaha umepotea. Alikuwa sahihi, na alama zilikatwa.

Asubuhi ya kutetea pendekezo langu la tasnifu, simu ilinikuta kwenye matatu, nikiwa nimekumbatia bahasha na moyo ukienda mbio. Ilikuwa babangu. Hakunisalimu. Akaniuliza kwa sauti ya yule mzee: “What watch?”

“Four watch, Baba,” nikamjibu, na abiria wa pembeni akanigeukia akicheka.

Saa nne. Alielewa.

“Utakuwa sawa huko, mwanangu,” akasema, na akakata simu.